Siku Niliyoita "Imekaa!" Bila Kugonga Kabari

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi wa hapa Mlandege, na ninyi mliopanda kilima asubuhi hii na matope miguuni, na yule mgonjwa aliyelala nyumbani akizisikia nyimbo zetu kwa mbali. Kamwene!

Mimi naitwa Lameki. Wengi mnanijua kama fundi wa magongo ya kutembelea, yule mwenye kibanda karibu na njia ya kwenda sokoni. Mnanikuta pale nimepiga magoti nikimpima mtu kwa kamba. Leo nataka mjue nilikotoka. Mzee wetu wa kanisa ameniomba nisiseme kirefu, nami nimemwahidi kujitahidi. Lakini mimi ni mtu wa kueleza polepole, mnivumilie. Msipoielewa kazi ya kupasua mbao hamtaielewa dhambi yangu, na msipoielewa dhambi yangu mtadhani Bwana alinifanyia jambo dogo.

Kwa hiyo naanza na shimo.

Kule Mufindi, upande wa Mafinga, viwanda vya mbao vipo na malori yanapita kila siku. Lakini kuna miti inayoangushwa mabondeni ambako lori halifiki. Huko mbao tulikuwa tunapasua kwa mikono. Mnachimba shimo lenye kina kupita kimo cha mtu. Juu yake mnalaza nguzo mbili, na juu ya nguzo mnaviringisha gogo. Gogo ni la mviringo, halitaki kutulia, kwa hiyo mnalibana huku na huku kwa kabari za mti mgumu. Kisha mnachovya uzi kwenye maji ya mkaa, mnauvuta juu ya gogo na kuuachia, pah! Mstari mweusi unabaki. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni, na msumeno mrefu unapanda na kushuka kati yao.

Aliye juu anauona mstari na anaziona kabari. Aliye chini haoni kitu. Akiinua uso, vumbi la mbao linamwingia machoni. Yeye kazi yake ni kuvuta na kumwamini mwenzake.

Ndiyo maana tulikuwa na desturi. Kabla mtu wa chini hajaingia, mtu wa juu anachukua nyundo ya mti na kugonga kila kabari mara tatu: ko, ko, ko. Kabari iliyokaa vizuri ina sauti yake, nzito. Iliyolegea inalia kama debe tupu. Akizimaliza zote anaita, "Imekaa!" Wa chini anajibu, "Naingia!" Hakuna aliyeingia shimoni kabla ya neno hilo. Hata watu waliogombana, hata wasiosalimiana, neno hilo hawakulichezea.

Ndugu zangu, mimi nililichezea.

Mwenzangu wa chini alikuwa Mbena mmoja jina lake Yeremia. Tulifanya kazi pamoja miaka minne. Nilikuwa kijana mwenye nguvu, mwenye majivuno, nisiyejua naishi kwa ajili ya nini. Mtu akiniuliza, ningesema naishi kwa ajili ya mbao. Na mbao zikiisha? Zingine. Na hizo zikiisha? Basi, ulanzi. Mnaufahamu ulanzi, pombe yetu ya mianzi: asubuhi ni mtamu kama sukari, jioni unakuangusha. Mimi nilianza kuupenda ule wa jioni, halafu nikaupenda hata asubuhi kabla ya kazi.

Yeremia alikuwa mtu wa ibada. Alikuwa akiimba huko chini shimoni, na sauti yake ilitoka ardhini kama mtu aliyezikwa akakataa kunyamaza. Nilikuwa namtania.

"Yeremia, huko chini unamwimbia nani? Mchwa?"

"Namwimbia aliye juu," anajibu.

"Aliye juu ni mimi!"

"Wewe? Wewe nakusikia ukikohoa ulanzi tu, Mhehe wewe. Shika msumeno."

Tulikuwa tunacheka. Nilimpenda, ingawa nilidhani mimi ni bora kuliko yeye kwa sababu nilisimama juu. Nilimzoea hivyo, nikimtazama utosini.

Sasa nisikilizeni. Asubuhi moja ya majira ya mvua nilifika kazini nikiwa nimekwisha kunywa. Kichwa kizito, macho mekundu. Tulilipandisha gogo kubwa, likiwa limelowa. Nikaweka kabari. Nyundo ilikuwa upande wa pili wa shimo, hatua kama sita. Hatua sita, ndugu zangu! Nilizitazama zile hatua nikaona uvivu. Nikajiambia, gogo ni zito, litakaa lenyewe. Nikaita, "Imekaa!"

Palikuwa na ukimya kidogo. Nakumbuka ukimya ule mpaka leo. Kisha Yeremia akajibu, "Naingia!"

Hatukufika hata futi mbili. Gogo lilitikisika chini ya miguu yangu, kabari moja ikaruka, gogo likajiviringisha na ncha yake moja ikatumbukia shimoni. Mimi niliruka pembeni nikapona bila mkwaruzo. Yeremia alibanwa mguu wa kushoto, kuanzia gotini kwenda chini.

Sitawaeleza kelele aliyoipiga.

Niliingia shimoni. Nikaweka bega chini ya gogo lile, nikalisukuma mpaka damu zikanitoka puani, wenzetu wakaja na nguzo tukalinyanyua. Tukamtengenezea machela kwa miti na magunia, tukampandisha mlima hadi barabarani, lori la mbao likamchukua mpaka hospitali huku Iringa. Madaktari walifanya kila wawezalo, lakini mguu ulikuwa umesagika. Ukakatwa.

Kule kambini watu walinisifu. "Lameki ana moyo! Lameki ameingia shimoni gogo likiwa bado linayumba!" Msimamizi wetu akasema ni mvua, gogo limeteleza. Wote wakakubali ni mvua. Nami nikakubali ni mvua! Kisha akaja mke wa Yeremia, Mama Elia, akiwa njiani kwenda hospitali na mzigo wake kichwani. Akanishika mikono yote miwili. "Shemeji, bila wewe ningekuwa mjane leo. Mungu akubariki na akulinde. Asante sana."

Ndugu zangu, laiti angenipiga kofi. Shukrani ile iliniingia kama msumari.

Yeremia alikaa hospitali wiki nyingi. Sikwenda kumwona. Kila Jumapili nilisema nitakwenda Jumapili ijayo. Mwisho nikafunga nguo zangu nikapanda gari la kwenda Mbeya. Miaka ile reli ilikuwa inajengwa, vijana wengi walikuwa wanakwenda huko kutafuta kazi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Kila mtu alidhani naifuata reli, kumbe namkimbia mtu mwenye mguu mmoja.

Sikufika kwenye reli. Nilikwama Mbalizi, nikapata kazi kwenye karakana ya seremala mmoja pale karibu na soko. Tulitengeneza vitanda na milango. Kazi niliiweza. Lakini mchana nikisikia mtu akigonga msumari, ko, ko, ko, naweka randa chini natoka nje. Nilikunywa zaidi. Nikaacha kusali kabisa, maana kila nikifumba macho niliusikia ule ukimya kidogo kabla ya "Naingia!"

Sikilizeni sasa jinsi Bwana anavyomfuata mtu. Mimi hakunitumia malaika. Alimtuma mama muuza ndizi.

Mama huyo alikuwa Mnyakyusa, tulimwita Mama Tusekile kwa jina la binti yake mkubwa. Aliuza ndizi pale sokoni Mbalizi siku za soko, na siku nyingine alikwenda hospitali ya misheni kuwafulia nguo wagonjwa wasio na ndugu. Hakuna aliyemtuma. Siku moja aliingia karakanani akiwa ameshika gongo la kutembelea lililovunjika katikati.

"Fundi, nitengenezee hili."

Nilipoliona tu gongo lile nikarudi nyuma. "Mimi natengeneza vitanda, mama."

"Kwani nimekuletea nyoka? Huu si mti?"

"Ni mti, lakini..."

"Lakini nini? Kuna dada pale wodini amelala miezi miwili. Kitanda anacho, baba. Cha kumtoa kitandani ndicho hana."

Wenzangu wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Lameki ameogopa gongo!" Nikalichukua kwa hasira ili wanyamaze. Nikatengeneza jipya kwa haraka haraka, na siku ya tatu akaja kunivuta kwa mkono.

"Twende ukaone ulichokifanya."

"Limevunjika?"

"Afadhali lingevunjika. Njoo!"

Nikaenda. Yule dada alikuwa amesimama ukutani, jasho linamtoka, anakunja uso kwa maumivu. Nilikuwa nimelifanya refu mno, linamchoma kwapani. Muuguzi mmoja mzee alinifundisha siku ile jambo ambalo nimelishika mpaka leo. Alisema gongo halimbebi mtu kwapani. Linambeba mkononi, pale penye kishikio. Kwapani lazima pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, la sivyo mkono unakufa ganzi. Kwa hiyo huwezi kutengeneza gongo kwa kukisia. Lazima umpime mtu mwenyewe, akiwa amesimama, nawe umeinama karibu na miguu yake.

Nikampima. Nikarudi karakanani nikalikata upya, nikalisugua mpaka likawa laini. Nilipompelekea alitembea kutoka kitandani hadi mlangoni. Akatazama nje. Akasema, "Kumbe mahindi yameshakuwa marefu hivi!" Akaanza kulia, na Mama Tusekile akapiga vigelegele, wodi nzima ikaamka.

"Ndaga fijo, fundi!" akaniambia. Asante sana. Tena shukrani! Na tena ikanichoma.

Tangu siku ile nilitengeneza magongo kila jioni. Niliacha hata kunywa, maana mkono unaotetemeka haupimi vizuri. Watu walikuja kutoka Umalila, kutoka Usangu kwenye mifugo, wengine walioangukiwa na miti, wengine waliougua utotoni. Mtu angeniona angesema, Lameki ameokoka. Mimi mwenyewe nilianza kufikiri hivyo.

Hapa ndipo nataka nieleze taratibu, kwa sababu najua humu ndani wapo wanaofanya kama nilivyofanya. Kila gongo nililomaliza, moyoni nilisema: Bwana, hili ni kwa ajili ya ule mguu. Nikimaliza jingine: na hili pia. Nilikuwa nafanya jema, na watu kweli walisimama. Lakini usiku sikulala vizuri kuliko zamani. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nataka kumlipa Mungu asiniulize. Nilikuwa namjazia magongo mlangoni ili asiingie ndani.

Mama Tusekile ndiye aliyenigundua. Siku moja mchana nilikuwa uani kwake napima mti wa kuchonga, yeye anamenya ndizi. Akaniuliza bila kunitazama.

"Lameki, haya magongo unawatengenezea hawa wagonjwa, au kuna mtu mwingine?"

Nikaendelea kupima mti.

"Maana nakuona. Mtu akikushukuru unageuza uso kama umetukanwa."

Ndugu zangu, nilikaa chini palepale kwenye maganda ya ndizi nikamweleza yote. Kabari. Nyundo. Hatua sita. Mama Elia na mzigo wake kichwani. Nilikuwa sijawahi kulitamka neno lile tangu nitoke Mufindi, lile "Imekaa", na siku ile nikalitamka.

Nilitegemea atasema, pole, ilikuwa ajali. Hakusema. Aliweka kisu chini, akasema, "Umedanganya, na mwenzako amepoteza mguu. Hilo ni kubwa. Mimi siwezi kulibeba, na wewe huwezi. Magongo yako yote hayawezi. Tumpe anayeweza." Akapiga magoti kwenye maganda yale yale, nami nikapiga magoti. Sikuomba kwa maneno mazuri. Nilisema, "Bwana, sikugonga. Sikugonga, nikasema nimegonga. Nihurumie!"

Na Bwana akanihurumia! Sijui niwaeleze vipi. Sikuona mwanga, sikusikia sauti. Ila nilielewa, kwa mara ya kwanza, kwamba Yesu ameingia shimoni nilikomtia mwenzangu, akijua kabisa kwamba gogo halijakaa. Aliingia kwa ajili yangu mimi wa juu, mwenye kosa. Nililia mpaka nikachoka. Kisha nikainuka.

Nikamwambia Mama Tusekile, "Mama, nimekuwa mwepesi!"

Akachukua kisu chake. "Vizuri. Asifiwe Bwana. Nauli ya Mafinga unayo?"

"Ya Mafinga?"

"Mungu umeshamwambia. Yule Mbena je?"

Haleluya! Huyo ndiye mama aliyenilea katika wokovu.

Wiki ile nilichonga magongo mawili, mazuri kupita yote niliyowahi kuchonga. Kipimo sikuwa nacho. Nilimkumbuka Yeremia kwa akili yangu nikakata. Nikapanda basi, na utingo alipokuwa anayafunga juu ya gari aliniuliza, "Kaka, mgonjwa yuko wapi?" Nikamwambia, "Ni mimi." Akanitazama miguu, akatikisa kichwa.

Nilipofika, kijiji cha Yeremia hakikuwepo. Watu walikuwa wamehamia kijiji kipya karibu na barabara, nyumba zimepangwa mistari, mimi simjui mtu. Balozi wa nyumba kumi akanionyesha. Nikamkuta Yeremia amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, ufito mmoja wa kutembelea umeegemea ukuta, anachonga mpini wa jembe. Anaimba.

Alipoinua uso hakushtuka. Akasema, "Kamwene, Lameki."

Nikabaki nimesimama na magongo yangu kama mchuuzi. Mama Elia akatoka ndani, akafurahi, "Shemeji! Jamani, shemeji amekuja!" Nikaona nisipoyasema sasa hivi nitakula chakula chao tena kwa uongo. Nikayasema hapohapo, nimesimama: "Yeremia, siku ile sikugonga kabari. Nilikuwa nimelewa. Niliona uvivu kuifuata nyundo. Haikuwa mvua. Ni mimi."

Yeremia aliendelea kuchonga kidogo. Kisha akasema, "Najua."

"Unajua?"

"Niliumia mguu, Lameki, sikuumia masikio. Nilikuwa kwenye ngazi ya shimo nasubiri kusikia ko, ko, ko. Sikusikia. Ukaita imekaa. Nikasimama kidogo, nikasema moyoni, labda amegonga nikiwa nakohoa. Lameki hawezi kunidanganya kwa neno lile. Nikaingia."

Ndio ule ukimya, ndugu zangu! Ule ukimya niliousikia miaka yote. Alikuwa ananipima, akaamua kuniamini.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Wangekupiga. Nikasema, atakuja hospitali, nitamwambia sisi wawili. Nikakungoja. Kila Jumapili saa ya kuona wagonjwa nageukia mlango. Hukuja." Akaweka kisu chini. "Mguu nilikusamehe kule kule Iringa. Kutokuja ndiko kulikonichukua muda. Hilo nimelimaliza juzi juzi tu."

Nikaanguka miguuni pake, au niseme mguuni pake, maana yeye mwenyewe ndiye aliyenisahihisha! Alicheka, mtu yule. Alinivuta bega akasema, "Inuka, Mhehe. Jambo la ajabu gani hili? Mguu umekatwa wangu, mbio umepiga wewe!"

Tukacheka na kulia pamoja. Kisha akayataka magongo. Akasimama, akayaweka kwapani, na ilibidi ainame kama kikongwe. Yalikuwa mafupi, mafupi sana!

"Ndugu yangu, ulidhani mimi nina kimo gani?"

Nikaona aibu, kwa sababu nilielewa. Miaka minne nilimtazama kutoka juu. Katika akili yangu alikuwa mtu mfupi. Kumbe tukisimama pamoja, Yeremia ananipita kwa kichwa kizima.

Nikatoa kamba mfukoni, nikapiga magoti, nikampima.

Msidhani yote yalikwisha siku hiyo. Mama Elia alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akaniambia, "Mimi nilikushukuru. Njiani, na mzigo kichwani. Nirudishie shukrani yangu." Ningeirudisha vipi? Akaingia ndani akafunga mlango, na siku hiyo sikula kwake, nilikula kwa balozi. Nilimwelewa. Kusamehe ni hiari ya aliyekosewa, aliyekosa hawezi kudai. Nilikwenda kwa msimamizi wetu wa zamani na kwa wapasua mbao wenzetu nikawaambia ukweli. Wengine walinitukana, nikastahili. Kisha nikahamia hapa Mlandege, nikaendelea kurudi kijijini kila nilipoweza, nikalima shamba la Yeremia pamoja nao, nikapaua jiko lao. Mama Elia alinipa maji bila neno. Msimu mzima ulipita. Siku moja akanijia na kipande cha kamba chenye mafundo mawili. "Mama yangu ameteguka nyonga," akasema. "Hiki ni kipimo chake. Nimempima akiwa amesimama, kama unavyofanya wewe." Akanyoosha mkono akanipa. Hakuongeza kitu, na mimi sikuomba aongeze.

Ndugu zangu, huenda mnajiuliza maisha yangu yana kazi gani. Kumpima mtu na kumsimamisha, hiyo ndiyo kazi. Magongo yenyewe ni yale yale niliyochonga Mbalizi, lakini sasa simlipi Mungu kwa hayo. Nilishasamehewa kabla sijamchongea Yeremia yaliyo sawa. Sasa nachonga kama mtu anayeimba. Mimi nakata miti, Yeremia anachonga vishikio kule kijijini, maana mikono yake ilishazoea mipini na hakuna kishikio chake kinachochubua. Naleta mengine hospitali hapa Iringa, mengine yanapanda basi kwenda kwa Mama Tusekile, na yeye bado hajamaliza kutupigia kelele kwamba hayatoshi.

Nimalizie kwa jambo moja, mzee wetu wa kanisa, nimeona umeitazama saa.

Mwaka huu, baada ya mavuno, kijiji chao kilitaka mbao za madawati ya kanisa. Tukapata gogo zuri, tukachimba shimo. Shemeji yake Yeremia, kijana mwenye nguvu, akapanda juu. Palihitajika mtu wa chini. Watu wakatazamana. Nikavua shati.

Sikuwahi kuingia chini tangu nizaliwe, isipokuwa siku ile. Nilisimama kwenye ngazi ya shimo. Kutoka pale huoni kabari hata moja, unaona mbingu kidogo na tumbo la gogo. Nikasikia mtu anatembea juu, hatua moja na magongo mawili. Alikuwa Yeremia. Akasimama penye kabari ya kwanza, akageuza gongo lake, lile nililomchongea kwa kipimo, akagonga. Ko, ko, ko. Akaenda ya pili. Ko, ko, ko. Hakuruka hata moja. Alizunguka gogo lote kwa mguu mmoja, taratibu, mimi nikihesabu na machozi yananidondoka kabla hata ya vumbi. Kisha nikaisikia sauti yake, ile sauti iliyokuwa ikitoka ardhini, sasa inatoka juu:

"Imekaa, Lameki!"

Nikaitika, "Naingia!" Nikaingia.

Mpendwa uliyekaa hapa, labda umesimama kwenye ngazi yako, na unaogopa kwa sababu kuna siku mtu kama mimi alikuita kwa uongo ukaumia. Au wewe ndiwe uliyeita kwa uongo, na umekimbia mpaka umechoka. Ninyi wote wawili nawaambia: yuko aliye juu asiyeona uvivu kuzifuata hatua sita. Alizunguka gogo lote akiwa na majeraha yake. Amegonga kila kabari, na anakuita kwa jina lako. Mwitike leo. Kisha uniambie tukitoka nje, nitakuwa pale mlangoni na kamba yangu mfukoni, na kama una mtu nyumbani asiyeweza kusimama, twende tukampime.

Asanteni, ndugu zangu. Bwana asifiwe sana!